Pipa linalochomolewa: nani hasa analihitaji kwenye mashine ya kufulia?

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele inapoanza kunguruma wakati wa kukamua, mwenye nyumba huambiwa na mafundi maneno mawili yanayopingana. Fundi wa kwanza anasema beringi zimekufa, zinabadilishwa, leta hela ya spea. Wa pili anasema beringi zimekufa na mashine imekwenda nazo, tafuta nyingine. Mwenye nyumba anabaki hajui amwamini nani, na mara nyingi humshuku yule wa pili kwamba kazi haijui au anaitaka mashine kwa bei ya chuma chakavu. Kumbe wote wawili huenda wanasema kweli, kila mmoja kwa aina ya mashine aliyoizoea.

Katika mkanganyiko huo huibuka wazo linaloonekana jepesi: kwa nini pipa la mashine lisiwe la kuchomoa? Livutwe nje, lisafishwe, litengenezwe, kisha lirudishwe. Wazo hilo lina miaka mingi. Limechorwa na wabunifu, limetengenezwa viwandani, limeuzwa madukani, na kwa sura nyingine limeingia hata katika kanuni za Umoja wa Ulaya. Ugumu ni kwamba wanaolitaka wanataka mambo tofauti, na jibu linalomfaa mmoja linaweza kumharibia mwenzake.

Pipa limekaaje humo ndani

Mashine ya mlango wa mbele ina vyombo viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje ni tangi. Halizunguki, kazi yake ni kushika maji, na katika mashine nyingi za siku hizi ni la plastiki ngumu. Cha ndani ndicho pipa lenyewe, la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu kila upande, linalobeba nguo. Nyuma ya pipa umefungwa msalaba wa alumini wenye mikono mitatu. Katikati ya msalaba hutoka shafti inayopenya ukuta wa nyuma wa tangi, na pale inapopenya hukaa beringi mbili. Mbele ya beringi, upande wa maji, kuna sili ya mpira. Nyuma kabisa ni puli na mkanda, au mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti. Mkusanyiko huu wote, pamoja na hita na mawe ya zege ya kuongeza uzito, unaning'inia kwenye springi na kutulizwa na shokapu kutoka chini.

La kushika hapa ni kwamba pipa limeshikwa upande mmoja tu, nyuma. Mbele liko wazi ili nguo ziingie. Shafti moja na beringi mbili zilizoachana kwa sentimita chache ndizo zinazobeba kila kitu.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Chukua pipa la kipenyo cha sentimita 50 linalozunguka mara 1,200 kwa dakika. Kitu kilichobanwa kwenye ukuta wake kinasukumwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 400 ya uzito wake. Taulo lenye nusu kilo likijikusanya upande mmoja, pipa linavutwa upande huo kwa nguvu ya takribani kilo 200, na mvuto huo unazunguka nalo mara 20 kila sekunde. Ndiyo maana mashine za kisasa huanza kwa kuzungusha polepole, zikipanga nguo na kupima mizani, na zikishindwa hukataa kukamua. Ndiyo maana pia mashine hubebeshwa zege.

Yeyote anayechora pipa la kuchomoa anaanzia kwenye hesabu hiyo. Kiungo chochote anachokiongeza kati ya pipa na shafti kitapokea nguvu hizo kwa miaka kumi, kikiwa kimeloa sabuni.

Haja tatu

Anayefua hutaka pipa litoke ili asiiname na kuchota nguo moja moja, na ili alibebe pipa lenyewe hadi kwenye kamba. Anayechukia harufu hutaka litoke ili asugue ukungu uliojificha nyuma yake. Fundi hutaka litoke ili afike kwenye beringi, sili na msalaba.

Wa kwanza analichomoa kila anapofua, pengine mara tatu kwa wiki. Wa pili angetosheka na mara moja kwa miezi kadhaa. Wa tatu anahitaji mara moja au mbili katika uhai wote wa mashine. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kingine: kiungo cha kufunguliwa kila siku kwa mkono mtupu na kiungo cha kufunguliwa baada ya miaka saba kwa spana ni vitu viwili tofauti kabisa kiufundi. Mijadala mingi kuhusu pipa la kuchomoa huvichanganya, na hapo ndipo watu wanapoanza kubishana bila kusikilizana.

Pipa kama kapu

Mfano unaojulikana zaidi ulitoka Uingereza. Kampuni ya Monotub, kwa ubunifu wa Martin Myerscough, ilileta mashine iliyoitwa Titan, ambayo pipa lake lilitolewa na kutumika kama kapu la nguo. Iliwavutia wengi, wanahabari na wawekezaji wakiwemo, kwa sababu iligusa kero ambayo kila anayefua anaifahamu. Hata hivyo kampuni ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wazo halikuchukuliwa na watengenezaji wakubwa.

Hoja ya upande huu ina uzito, na kwetu ina uzito zaidi kuliko huko Ulaya. Mashine ya kukaushia ni nadra katika nyumba za Afrika Mashariki. Nguo zinatoka kwenye mashine kwenda kwenye kamba, na katika majengo ya ghorofa ya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kamba hiyo mara nyingi iko juu ya paa. Pipa lenye vishikio, lililokwisha kukamua nguo na kubebwa moja kwa moja hadi huko, lingeondoa hatua nzima ya kazi. Kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo, au anayetumia kiti cha magurudumu, kuinama na kuchota nguo zilizojisokota kwenye tundu la mlango ni sababu halisi ya kumtegemea mtu mwingine.

Sasa tupime uzito. Pipa tupu na msalaba wake, tuseme kilo 7. Nguo kavu kilo 7. Baada ya kukamuliwa vizuri nguo hubaki na maji yanayokaribia nusu ya uzito wao mkavu, yaani kilo 3 na nusu. Jumla ni kilo 17 na nusu, si mbali na ndoo ya maji ya lita 20. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, katika mwongozo wake wa kunyanyua mizigo, inaweka kilo 16 kuwa kiwango cha tahadhari kwa mwanamke anayeshika mzigo karibu na mwili kwenye usawa wa kiuno, na kilo 10 akiwa amenyoosha mikono. Pipa la mashine ya kawaida liko chini ya kiuno, na huwezi kulivuta bila kunyoosha mikono. Kwa hiyo kifaa kilichokusudiwa kuokoa mgongo kinaudai mgongo zaidi ya kuchota nguo kidogo kidogo.

Hapo ni pale mambo yalipokwenda sawa. Umeme ukikatika katikati ya kufua, kabla ya kukamua, pamba iliyoloa inaweza kushika maji mara mbili ya uzito wake. Pipa lile lile sasa linakaribia kilo 28, na linachuruzika.

Kisha kuna kiungo. Pipa la kutoka kila siku haliwezi kufungwa kwa boliti na shafti. Linahitaji meno au koni ya kuingiana, na kufuli la kulishika. Kila kiungo cha kuingiza na kutoa huwa na nafasi ndogo, kile mafundi wanachosema kitu kinacheza. Pipa lenye nguo, la kilo 17 na nusu, likicheza milimita moja tu nje ya kitovu chake kwa mizunguko 1,200, linazaa mvuto wa kama kilo 28 unaozunguka mara 20 kwa sekunde. Mvuto huo unakula meno, meno yaliyolika yanaongeza mchezo, mchezo unaongeza mvuto. Siku ya kwanza dukani mashine itakuwa kimya. Swali ni mwaka wa tatu, nyuzi za nguo, mchanga na mabaki ya sabuni vikiwa vimekaa kwenye kiungo kila pipa liliporudishwa.

Tatizo la tatu ni tundu. Ili pipa zima litoke mbele, mlango lazima uwe mpana kuliko pipa. Mpira wa mlango unakuwa mkubwa, ukuta wa mbele wa tangi unatoweka, na jiwe la zege ambalo katika mashine nyingi hufungwa pale mbele linakosa pa kukaa. Tangi lililopoteza ukuta wake mmoja linalegea, na tangi linalolegea hutikisika zaidi. Mbunifu anaweza kulitia nguvu kwa mbavu na chuma, lakini analipia kwa ujazo: kasha la kawaida la Ulaya lina upana wa sentimita 60, na kila sentimita ya ziada ya kuimarisha inatolewa kwenye nafasi ya nguo.

Usalama nao unapanda ngazi. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa mashine za kufulia, IEC 60335-2-7, tayari inajishughulisha sana na mlango usifunguke pipa likizunguka. Pipa likiwa la kuchomoa, mashine lazima pia ijue kwamba limo, limekaa sawasawa, na limefungwa. Kitambuzi kikisema uongo mara moja, kilo 17 zinalegea kwa kasi kamili. Hata pipa ambalo mtumiaji haligusi linaweza kuleta balaa: Novemba 2016, Samsung na tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani zilitangaza kurudishwa kwa mashine za mlango wa juu zinazofikia milioni 2.8, kwa sababu pipa liliweza kupoteza mizani na kutikisa mashine hadi sehemu ya juu ikang'oka.

Katika mashine za mlango wa juu mambo yanakuwa mepesi kidogo. Pipa hukaa juu ya shafti iliyosimama wima, na uzito wake wenyewe hulikandamiza mahali pake. Huko kapu la kutoa lingewezekana kwa mzigo mdogo, kilo 2 au 3 za nguo za mtoto mchanga kwa mfano. Ila kunyanyua kitu wima kutoka ndani ya shimo ni kazi ngumu kwa yule yule mwenye mgongo mbovu tuliyetaka kumsaidia.

Kuvuta kila kitu, si pipa peke yake

Wabunifu wengine wameliepuka tatizo la kiungo kwa kuvuta mashine nzima kama droo. Fisher & Paykel wa New Zealand walifanya hivyo kwa vyombo vya jikoni mwaka 1997 walipotoa mashine ya kuoshea vyombo inayovutwa kama droo, na mwaka 2015 LG walileta mashine ndogo ya kufulia inayokaa chini ya mashine kubwa na kuvutwa mbele kwenye reli. Pipa, tangi, mota na beringi vinatoka pamoja, hakuna kinachotenganishwa. Mipira ya maji na nyaya ndiyo inayojikunja na kujinyoosha.

Hili ni jibu la kiungwana kwa mzigo mdogo. Kwa mzigo mkubwa linagonga ukuta: tangi lenye maji, mota na mawe yake likivutwa nje ya kasha linaweza kuipindua mashine, na reli za kulibeba zinapaswa kuwa imara kupita kiasi cha bei ambayo mnunuzi wa kawaida ataikubali. Mashine ya vyombo haina shida hiyo kwa sababu haikamui. Vyombo hukaa, maji ndiyo yanayozunguka.

Viwanda vya dobi, vinavyofua mashuka ya hospitali na hoteli, vina jibu lao. Kampuni kama Milnor ya Louisiana hutengeneza mashine zinazoinama zenyewe mbele na kumwaga nguo kwenye toroli. Pipa halitoki, mashine ndiyo inayopiga goti. Kwa matumizi ya nyumbani, Matsushita wa Japani mwaka 2003 walichukua njia ya upole zaidi: waliliinamisha pipa kidogo kuelekea juu ili mtu aone ndani na kufikia nguo bila kujikunja. Nayo ngazi ya zege ya sentimita 30 chini ya mashine, iliyosawazishwa vizuri na yenye ukingo wa kuizuia isitembee wakati wa kukamua, inampa mzee karibu faida yote aliyoahidiwa na pipa la kuchomoa, kwa gharama ya saruji na siku moja ya mwashi.

Uchafu wa nyuma ya pipa

Hoja ya usafi ina ukweli, lakini dawa yake ni kubwa kuliko ugonjwa. Utelezi mweusi unaojijenga kati ya pipa na tangi hulishwa na mambo matatu: kufua kwa maji baridi tu, sabuni nyingi kupita kiasi, na vilainisha nguo vyenye mafuta. Kufua mara moja moja bila nguo kwa nyuzi 60 au zaidi, kupunguza sabuni, na kuacha mlango wazi mashine isipotumika huzuia sehemu kubwa ya tatizo. Kwa mashine za mlango wa juu, Japani na Korea kuna mafundi ambao kazi yao ni kufungua na kusugua mapipa tu, jambo linaloonyesha kwamba haja ipo na kwamba hata huko kazi imeachiwa fundi.

Sharp walikwenda kwenye chanzo. Baadhi ya mashine zao za mlango wa juu zina pipa lisilo na matundu ubavuni, hivyo maji yanayogusa nguo hayaendi kuzunguka nyuma ya pipa na kurudi na uchafu. Kuondoa mahali pa kujificha uchafu ni ubunifu bora kuliko kumpa mwenye nyumba kazi mpya ya kung'oa pipa.

Pipa la fundi

Sasa tumefika kwenye kiini, na hapa ndipo hoja ya kuchomoa inaposimama kwa miguu miwili.

Mashine ya mlango wa mbele hufa kwa utaratibu unaojulikana. Mdomo wa sili hulika. Maji ya sabuni hupenya na kuosha grisi ya beringi ya mbele. Beringi inashika kutu, inaanza kuguna, kisha kunguruma, na mwishowe shafti inakata makazi yake. Msalaba nao una adui wake: alumini ikikutana na chuma kisichoshika kutu ndani ya maji yenye sabuni kali huliwa, na mabaki ya unga wa sabuni yanayoganda kwenye mbavu zake huendeleza kazi hiyo hata mashine ikiwa imezimwa. Maji ya visima yenye chumvi, yanayotumika katika nyumba nyingi za pwani yetu, huharakisha. Siku msalaba unapokatika, pipa linalipiga tangi kutoka ndani.

Beringi zenyewe ni za kawaida. Mashine nyingi hutumia namba kama 6205 na 6206, ambazo vipimo vyake ni vile vile dunia nzima: ya kwanza ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha 52, ya pili tundu la 30 na kipenyo cha 62. Ni aina ambazo maduka ya beringi na spea za magari na pampu huziuza. Kilichoharibika, kwa hiyo, ni kitu cha bei ndogo kinachopatikana mjini.

Kinachomzuia fundi ni tangi. Zamani nusu mbili za tangi zilibanwa kwa skrubu au klipu na mpira katikati. Unafungua, unatoa pipa na shafti yake, unagonga beringi nje, unaweka mpya na sili mpya, unafunga. Tangu plastiki ilipotawala, watengenezaji wengi wamekuwa wakiziunganisha nusu hizo kwa kuziyeyusha moja kwa moja. Pipa limefungiwa ndani. Halitoki bila kulikata tangi. Mtengenezaji anauza tangi zima, likiwa na pipa na beringi ndani, na bei yake huikaribia ile ya mashine iliyotumika inayoshushwa kutoka Ulaya au Dubai. Huyo ndiye fundi wa pili tuliyeanza naye. Aliyesema mashine imekufa hakuwa amedanganya.

Watengenezaji wana utetezi, na si wa kupuuzwa. Tangi lililoyeyushwa halina skrubu ishirini na kitu za kukaza, halina mpira wa kuzeeka na kuvuja, na mkono wa roboti hulimaliza kwa muda mfupi. Ungio lake ni sawa mzunguko mzima, hivyo tangi linakuwa gumu na tulivu. Tangi la skrubu, likifunguliwa mara kadhaa, plastiki ya matundu hulika na skrubu hazishiki tena. Tena mashine nyingi hutupwa kwa sababu nyingine kabla beringi hazijafa: bodi ya elektroniki, pampu, kufuli la mlango, au mwenyewe kuhama tu. Kwa nini kila mnunuzi alipie ukarabati ambao huenda asiuhitaji?

Jibu la upande wa pili linaanza na takwimu za Ujerumani. Utafiti wa Öko-Institut kwa shirika la mazingira la nchi hiyo ulionyesha kwamba sehemu ya vifaa vikubwa vya nyumbani vilivyobadilishwa kwa sababu ya kuharibika ndani ya miaka mitano ilipanda kutoka asilimia 3.5 mwaka 2004 hadi asilimia 8.3 mwaka 2012. Hesabu hiyo inajumlisha vifaa vya aina nyingi na haizungumzii beringi peke yake, kwa hiyo haithibitishi kwamba tangi la kuyeyushwa ndilo lenye kosa. Inachothibitisha ni kwamba kufa mapema si hofu tupu ya wateja.

Umoja wa Ulaya uliingia kati. Kanuni yake namba 2019/2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021, inawataka watengenezaji waweke spea za mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, na waziwasilishe ndani ya siku 15 za kazi. Orodha ya spea za mafundi inataja pipa, msalaba na beringi. Inataka pia ziweze kubadilishwa kwa zana za kawaida bila kuiharibu mashine moja kwa moja. Lakini humo humo kuna tundu: vitu hivyo vinaruhusiwa kuuzwa kimoja kimoja au vyote kwa pamoja. Mtengenezaji wa tangi la kuyeyushwa anauza furushi zima na kutii sheria. Haki ya kutengeneza imeandikwa, bei ya kuitumia imeachwa wazi.

Kwetu jambo hili si habari ya mbali. Mashine zinazouzwa Ulaya leo ndizo zitakazoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam kama mitumba baada ya miaka kadhaa, beringi zikiwa zimebakiza uhai mfupi. Mafundi wetu wamejifunza kuzikata: wanapita na msumeno kwenye mstari wa ungio, wanatoboa matundu kuzunguka ukingo, wanabadilisha beringi, kisha wanafunga kwa boliti na kupaka silikoni. Kazi hiyo ikifanywa kwa utulivu hudumu. Ikifanywa kwa haraka, tangi linavuja juu ya mota. Fundi anafanya mezani kwake kazi ambayo mbunifu angeimaliza kwa ukingo wenye matundu, na mteja anaibeba hatari yote.

Kama beringi ndizo zinazotoka?

Ipo njia ambayo mjadala huisahau. Fundi halihitaji pipa, anahitaji beringi. Zikiweza kufikiwa kwa nje, pipa linaweza kubaki mahali pake.

Uthibitisho upo katika mashine nyembamba za mlango wa juu zinazopendwa sana Ufaransa. Hizo zina pipa la kulala, lakini linashikwa pande zote mbili, kushoto na kulia, na nguo huingia kupitia kimlango kilichomo kwenye mwili wa pipa. Katika modeli nyingi beringi na sili hukaa ndani ya kitovu kinachofunguliwa kutoka nje ya tangi. Fundi anafungua ubavu wa kasha, anatoa kitovu, anaweka kipya. Tangi halijaguswa. Mzigo nao umegawanywa pande mbili badala ya kubebwa na upande mmoja.

Kuleta wazo hilo kwenye mlango wa mbele kunawezekana: nyumba ya beringi ya chuma, iliyofungwa kwa boliti sita nyuma ya tangi, beringi na sili zikiwa ndani yake, ikivutwa kwa nyuma baada ya kutoa puli. Gharama yake ni ya kweli. Kila boliti ni njia mpya ya maji, ukuta wa nyuma lazima uwe mnene zaidi, na shafti iliyoliwa na kutu hukataa kutoka. Wala haimsaidii mtu ambaye msalaba wake umekatika, kwa kuwa msalaba uko upande wa pipa. Hata hivyo inatibu ugonjwa unaojitokeza zaidi, kwa spea ndogo kabisa, bila kulidhoofisha ungio la tangi ambalo watengenezaji wanalitetea.

Mizani

Pipa la kuchomolewa na mtumiaji, kwa mashine ya kilo 7, lina hasara kubwa kuliko faida. Ni zito, kiungo chake kinajila chenyewe, na linauza hatari kwa jina la urahisi. Haja inayolizaa ni ya haki, ila inatibika kwa pipa lililoinama, kwa mashine iliyoinuliwa, na kwa beseni jepesi la plastiki mbele ya mlango. Kwa mizigo midogo droo inatosha.

Pipa la kuchomolewa na fundi ni jambo jingine, nami naliona kuwa sharti. Kama watengenezaji hawataki skrubu kwenye tangi, basi waweke beringi za kutoka nyuma. Wakikataa yote mawili, wanachouza ni mashine ambayo muda wake umewekwa na mdomo wa mpira wenye upana wa kidole. Napendelea beringi za nyuma kwanza, tangi la kufunguka likifuata kwa ajili ya msalaba. Na lolote litakalochaguliwa, kasha nalo liwe na ukuta wa mbele au wa nyuma unaotoka, kwa maana hakuna faida ya tangi la skrubu ambalo halipiti kwenye mlango wa kasha lake.

Gharama ya ziada ataibeba mnunuzi wa kwanza, na mara nyingi faida ataila wa pili au wa tatu. Hicho ndicho kisiki kigumu kuliko vyote, na soko peke yake halikiondoi: aliye dukani Hamburg hana sababu ya kulipia beringi zitakazobadilishwa Kariakoo. Ndiyo maana kanuni zina nafasi. Kenya ilipopitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022 iliweka msingi wa kumfanya mtengenezaji na mwagizaji awajibike kwa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Mwagizaji anayejua atachangia kuiondoa mashine ikishakuwa taka ana sababu ya kuuliza imefungwaje kabla ya kuagiza. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yanayopima usalama wa umeme wa vifaa vinavyoingia, yanaweza kudai jambo dogo kuliko kupiga marufuku: kibandiko kinachosema kama tangi linafunguka, na namba za beringi na sili zilizomo.

Kabla ya kibandiko hicho kuja, mnunuzi ana njia yake. Amwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma au cha juu, aangalie pale nusu mbili za tangi zinapokutana. Akiona vichwa vya skrubu au klipu kuzunguka ukingo, pipa hilo litatoka. Akiona ukingo laini uliogandana usio na kitu, aishushe bei anayoambiwa, kwa kuwa siku beringi zitakapokufa atanunua tangi zima.